Majina Niliyoyaandika Mkonze

Mwezi uliopita nilikabidhi vitu vya kanisa: kengele yenye ufa, ubao, viti viwili, kimoja hakikaliki, na daftari la majina. Mchungaji alinishukuru mbele ya watu, wakaimba, nikapewa kuku. Kuku nilimla siku ile ile. Zile nyimbo ndizo zimenikaa kooni, maana waliniimbia kama mtu aliyefanya kazi safi tangu mwanzo hadi mwisho, na ninyi vijana mnaoishika kazi hii ya uinjilisti mlikuwapo mkasikia. Nawaandikia ili msinirithi kwa nyimbo peke yake.

Nitaandika habari za wakati wa Mjerumani, tuliyemwita Mdachi. Miaka iliyofuata mnaijua wenyewe, na mingi ilikuwa vikao.

Kazi nilifundishwa Mpwapwa na Mwalimu Petro. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, na alitembea kwa kasi ambayo sisi vijana tuliifikia kwa kukimbia. Utotoni aliuzwa, akapitishwa na msafara kwenda pwani, huko akakombolewa na kulelewa na wamisheni, kisha akairudia njia ile ile akiwa mtu mzima, na Injili ndani ya mfuko wa ngozi. Hakupenda kusimulia hayo. Alichopenda ni kutufundisha jinsi ya kuingia katika kaya ya watu, na mpaka leo sijaona mafunzo yanayoyazidi yale.

Usifike asubuhi, alisema, watu wana kazi. Fika alasiri, ng'ombe wakiwa njiani kurudi, mwenye nyumba akiwa na hamu ya kuketi. Keti unapoonyeshwa, hata kama ni juani. Ukipewa ugali wa uwele na mlenda, kula, na usiulize kuna nini ndani. Uliza mvua, uliza ng'ombe, uliza wagonjwa. Wasipokuuliza umekuja kufanya nini, nenda zako, urudi kesho.

"Na wasipouliza kesho?" nilimwuliza.

"Kuna keshokutwa. Habari njema haina haraka, Danieli. Ingekuwa na haraka isingetumwa kwa miguu."

Kitu kimoja kwake kilituchekesha. Mwalimu Petro hakuwa na daftari. Mmisheni alimpa kila mwaka, naye kila mwaka alilitumia kufungia chumvi. Alipoulizwa ana wasomaji wangapi, alijibu, "Wapo." Alipoulizwa majina yao, aligonga paji la uso kwa kidole. Siku moja nilimtania kwamba kichwa chake kikinyeshewa mvua majina yatalowa. Hakucheka. Alisema siku aliyouzwa yeye, pembeni alikuwapo mtu na karatasi, anaandika. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri, na nilidhani mzee anaonea aibu mwandiko wake mbaya.

Reli ilikuwa imeshafika Dodoma nilipotumwa Mkonze. Nilikwenda na chati ya silabi, vibao sita vya kuandikia, vitabu vichache vya Injili, na daftari jipya lenye jalada la kitambaa chekundu. Siku ya kwanza darasani walikuja wanawake watatu na mbwa. Wanawake waliondoka kabla ya sala. Mbwa alikaa mpaka mwisho, na kwa miezi kadhaa ndiye aliyekuwa msikilizaji wangu wa kudumu.

Nikafuata njia ya Mwalimu Petro. Nikazunguka kaya kwa kaya, tembe kwa tembe, kila alasiri. Siku waliponiuliza nimekuja kufanya nini, nilikuwa tayari. Niliwasimulia habari ya mchungaji mwenye kondoo mia aliyepotewa na mmoja, akawaacha wengine nyikani, akaenda kumtafuta huyo mpaka akamwona. Mpwapwa habari hii iliwatoa watu machozi. Mkonze waliniangalia kwa huruma.

"Wale wengine aliwaachia nani?" aliuliza kijana mmoja aliyeketi karibu na zizi, zeze lake likiwa magotini.

"Haikuandikwa."

"Nyikani?"

"Nyikani."

"Na fisi?"

Nikasema Mungu aliwalinda. Akasema kama Mungu aliwalinda wale wengi, basi na yule mmoja angemlinda, na mchungaji angekaa nyumbani kwake. Watu wakacheka. Nami nikacheka nao. Lakini kesho yake kijana yule alikuja mwenyewe mpaka darasani, akaketi karibu na mbwa, akataka nimsimulie tena.

Jina lake sikulijua kwa miaka miwili. Watu wa pale siku zile hawakumpa mgeni majina yao hivi hivi. Ukiuliza, mtu alikutajia la babu yake aliyekufa, au la kijiji. Jamaa mmoja wa Ipagala aliniandikisha Chiwanga, jina la heshima kabisa. Miezi minne baadaye nilipita kwake, nikamsikia akimwita beberu wake: Chiwanga, Chiwanga. Nilikasirika nikaona nimedharauliwa. Jina nililiacha daftarini, maana kufuta kungechafua ukurasa.

Yule mpiga zeze nilimsihi kwa maneno mazuri. Nilimwambia mchungaji ninayemhubiri anawaita walio wake kwa majina. Akafikiri, akasema, "Hata mimi ng'ombe wangu wana majina. Siyataji mbele ya mtu nisiyemjua. Ng'ombe akishazoea kuitwa, hamfuati mwenyewe tena. Anamfuata anayeita."

"Kondoo wake wanaijua sauti yake."

"Sauti, sawa," alisema. "Wewe unataka kuandika. Daftari lina sauti ya nani?"

Moyoni nilimhesabu kuwa mshamba. Hilo nalijutia kuliko mengi, na yapo mengi.

Ukame ulipoingia nilikwenda naye mtoni kila siku kuchimba mchanga tupate maji ya mifugo. Yeye alikuwa chini shimoni akijaza kata, mimi juu nikipokea. Siku moja aliinua kichwa kutoka shimoni akasema, "Naitwa Mazoya. Andika." Nilimwuliza kwa nini leo. Akasema, "Miaka miwili unakuja kwetu, hujachukua kitu."

Baada ya Mazoya wengine walifuata, kwa kuwa vijana walimpenda. Darasa la ubatizo likajaa. Daftari la misheni lilikuwa na nafasi ya jina la mtu, jina la baba, na alama za kuhudhuria. Mimi niliongeza nafasi nyingine kwa rula, nikaandika njia ya kufika kwa kila mmoja: kaya ya tatu ukivuka korongo, mlango unatazama Ipagala. Nilitaka nikiumwa, mwinjilisti mwingine asipotee. Mmisheni alipokuja kukagua alilifungua lile daftari mbele ya walimu wote, akawaambia hivi ndivyo inavyotakiwa. Mwalimu Petro alikuwapo. Alikohoa tu.

Na niliwafundisha kuitika. Kila Jumapili kabla ya somo nilisoma majina, na anayesikia lake alisimama wima akasema, "Nipo." Walipenda kuitika kuliko kusoma. Mazoya aliitika kwa nguvu hata mbwa wa jirani wakabweka. Mama yake hakuingia darasani hata siku moja, lakini alikuja kuketi nje, nyuma ya ukuta, akitengeneza ungo, ili amsikie mwanawe akiitika.

Kisha Mdachi na Mwingereza wakapigana. Mmisheni wetu alikuwa Mwingereza, akachukuliwa. Walimu kadhaa nao walifungwa, Mwalimu Petro mmoja wao, kwa kudhaniwa wapelelezi. Mimi niliachwa. Nilidhani ni kwa kuwa Mkonze hakuna anayenijua.

Siku moja, Jumamosi, alikuja karani kutoka bomani. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye Kiswahili laini cha pwani. Alikunywa maji, akauliza habari za mvua na ng'ombe kama aliyefundishwa na Mwalimu Petro, kisha akaliona daftari juu ya meza. Akalifungua polepole. "Mwalimu," alisema, "wewe una mwandiko wa bomani." Akaniomba alitazame mpaka kesho.

Sitawaambia kwamba sikujua. Nilikuwa nimesikia wapagazi wanatafutwa kila mahali kubeba mizigo ya askari, na wanaume wanalala porini. Nilijua karani hatembei jua lote lile kwa ajili ya mwandiko. Lakini tangu mmisheni aondoke hakuna mtu aliyekuwa amenisifu, nami nilikuwa na njaa ya sifa. Nikampa.

Kesho yake watu walikuja kama kawaida. Karani aliingia baada ya wimbo wa kwanza, daftari mkononi, akasema kwa upole, "Leo nitasoma mimi." Akasoma jina la kwanza. Kijana akasimama, akasema, "Nipo." Karani akamwonyesha mlango, akatoka. La pili, nipo, akatoka. La tatu hali kadhalika. Wengine walitabasamu, wakidhani kuna kitu kinagawiwa nje. Jina la nne ndipo nilipoona kofia za askari dirishani.

Nilikuwa na kinywa. Nilikuwa nimekitumia miaka mingi kuhubiri. Siku ile hakikufunguka.

Karani akasoma, "Chiwanga." Yule jamaa wa Ipagala alikuwa ameketi ukutani. Alitazama vidole vya miguu yake, hakuna aliyesimama, karani akapita. Kisha akasoma, "Mazoya."

Mazoya hakusimama mara moja. Alinitazama. Alikuwa mtu mwerevu, alishaona mambo yalivyo, na alichokuwa akitafuta ni jicho langu tu, nikunje uso, nitikise kichwa, neno lolote. Alikuwa amenipa jina lake kwa kuniamini, na sasa aliniuliza kwa macho kama aliitike. Nikainamisha kichwa. Akasimama, akasema, "Nipo," taratibu, na nje ya ukuta nikasikia ungo ukianguka.

Kwa jumla walichukuliwa kumi na mmoja. Wasiokuwapo darasani walifuatwa makwao jioni ile, na askari hawakupotea njia hata mara moja.

Jumapili iliyofuata alikuja mbwa tu. Kijijini wakaanza kusema kwamba ndiyo maana sikufungwa na walimu wenzangu, nimejinunua kwa majina ya watoto wao. Haikuwa kweli, lakini sikuona tofauti kubwa ya kuwaeleza. Niliona aibu kupita njiani. Niliacha kwenda kaya kwa kaya. Nilikaa ndani nikisoma Injili, na kila ukurasa uliniuma.

Mwezi wa pili tangu wachukuliwe, Mama Mazoya alikuja mlangoni kwangu. Hakuketi.

"Yule mchungaji wako aliyepotewa na mmoja," alisema. "Alikwenda kumtafuta?"

"Alikwenda, mama."

"Wewe unangoja nini?"

"Mama, ni vita. Njia zina askari."

"Na yeye kulikuwa na fisi," alisema, akaondoka.

Nilitoka kesho yake asubuhi. Nilifuata reli, nikijificha treni za askari zilipopita, nikalala kwa watu walionikaribisha bila kuniuliza jina. Siku ya nne nilifika Gulwe. Huko kulikuwa na boma la miiba ambamo waliachwa wapagazi wasioweza tena kubeba. Nilimwambia mlinzi mimi ni mwalimu wa dini, nimekuja kuombea wagonjwa, naye akasema niombe haraka.

Niliyemjua alikuwa mmoja tu, Mgoli, mwanafunzi wangu wa safu ya mbele. Miguu yake ilikuwa imeoza kwa vidonda. Aliponiona alijaribu kusimama, nadhani kwa mazoea. Nikamzuia, nikamnywesha maji, nikamwuliza habari za Mazoya.

"Tumbo," alisema. "Kule milimani. Tumbo la damu. Siku ya tatu hakuamka. Nilimfunika kwa mawe, mwalimu, sikuwa na jembe."

Nikamwongezea maji. Akanywa, lakini nikaona bado ana jambo.

"Daftari walikuwa nalo lile lile," alisema. "Nililijua kwa jalada. Kila asubuhi wanasoma, anayeitika anapewa posho yake. Siku ile waliposoma Mazoya, mimi niliitika."

"Wewe?"

"Nilisema nipo. Siku nne nilikula posho yangu na yake. Siku ya tano karani akatutazama nyuso. Nilichapwa, lakini nilikuwa nimekula." Alinishika mkono. "Mwalimu, ulitufundisha tusiitike majina ya wenzetu. Dhambi hii inaondoka?"

Nilikuwa na majibu ya maswali kama hayo, tuliyakariri Mpwapwa. Nikamwambia imeondoka yote, haipo, na kwamba ikiwapo iandikwe kwangu. Nililia mbele yake, jambo ambalo Mwalimu Petro alitukataza mbele ya wagonjwa. Niliomba nimchukue Mgoli nyumbani, mlinzi akakataa. Baadaye nilisikia alifia pale pale.

Nilirudi Mkonze nikafika kwa Mama Mazoya alasiri, ng'ombe wakiwa njiani kurudi. Alinionyesha pa kuketi. Hakukuwa na la kuuliza kuhusu mvua. Nikamwambia yote: tumbo, mawe, posho.

"Huyo aliyeitika," alisema, "alishiba?"

"Alikula siku nne."

"Mazoya hakuwa mchoyo," alisema.

Nikaona lililobaki siwezi kulibeba. Nikamwambia kwamba siku ile alinitazama kabla ya kusimama, nami nikainamisha kichwa.

"Najua. Pale nyuma ya ukuta pana tundu," alisema, akaingia ndani. Niliketi mpaka ng'ombe wa mwisho akaingia zizini. Hakutoka tena siku ile.

Baada ya hapo Mdachi alikimbia, na alipokuwa akikimbia alichukua ng'ombe na nafaka. Mwingereza aliingia, naye akachukua vilivyobaki. Kisha mvua ikagoma, ikaja njaa ile ambayo wazee wenu wanaiita Mtunya. Mwalimu Petro aliachiwa amechakaa, akafa kabla sijapata moyo wa kumweleza. Mimi nilirudi kwenye kaya, moja moja, bila kitabu mkononi. Nilikwenda kuzika, kugawana mizizi, kukaa na watu. Kaya nyingine zilinifukuza, na zilikuwa na haki. Majina ya wale kumi na mmoja niliyashika kichwani, nami huyasema kila siku niamkapo, kabla ya sala nyingine.

Ninyi mtapewa madaftari, na kanuni zinataka myajaze. Yajazeni. Njia ya kufika kwa mtu msiiandike. Jifunzeni kwa miguu. Na mtu akija kwenu kusifu mwandiko wenu, funikeni mnachoandika.

Wengi mmeniuliza kwa nini, kwa yote hayo, sikuiacha kazi. Nilitaka kuiacha. Nilikuwa nimeshapanga kurudi Mpwapwa kulima, katikati ya njaa ile, asubuhi moja nilipokwenda mtoni kuteka maji. Wanawake walikuwa wameketi kwenye foleni kuzunguka shimo, na Mama Mazoya alikuwa akiwasimulia jambo kwa Kigogo. Alikuwa amekonda, sauti tu ndiyo iliyobaki nzima. Huyu mama hakubatizwa kamwe. Jina lake mwenyewe hakunitajia, wala mimi sikumwuliza, na katika madaftari yote niliyokabidhi mwezi uliopita hayumo.

Alikuwa akisimulia habari ya mchungaji wa kondoo mia. Alisimulia vizuri kuliko mimi, na fisi aliwatia ndani ya habari. Alisema mchungaji yule ndiye aliyeacha mlango wa zizi wazi, ndiyo maana mmoja akapotea. Alisema akaenda kumtafuta, siku nyingi, hata miguu ikavimba.

"Akamwona?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Hakumwona. Alikuwa amekwisha kufa. Akarudi mikono mitupu, mabegani hana kitu. Hakujificha. Alikwenda kwa mama yake yule kondoo, akaketi alipoonyeshwa, akamwambia kweli."

Wanawake waliguna. Mmoja aliuliza kama mchungaji huyo alirudi tena kuchunga.

"Kondoo wengine bado wapo," Mama Mazoya alisema. "Arudi tu. Afanye nini kingine?"

Kazi yangu ilikuwa kusahihisha wanaposimulia vibaya. Nilitua mtungi wangu chini, nikaketi nyuma ya mwanamke wa mwisho, nikangoja zamu yangu ya maji.